Kikoba, SACCOS, benki au UTT? Akiba ya mtu anayekula kwa mpaka

Desemba ikifika katikati, Moshi nzima inahesabu hela. Vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana, vinavunjwa, ndugu wa Dar wanapanda kuja kuhesabiwa, mbuzi wanapanda bei, na kina mama wa Mbuyuni, Kiboriloni na Memorial wanatoka vikaoni na hela ambayo hawajaishika kwa mkupuo tangu Desemba iliyopita. Arusha ni vilevile, kuanzia Kilombero hadi Tengeru. Januari nayo haichelewi: sare, michango ya shule, kodi ya fremu, mzigo mpya. Hapo ndipo swali linapokuja. Mwaka huu niweke wapi? Nirudi kikoba kilekile, niingie SACCOS, yaani ushirika wa kuweka na kukopa, nifungue akaunti benki, au niwafuate wanaosifia UTT, ile mifuko ya uwekezaji ya serikali?

Wengi wanaanza na riba. Mimi naona kwa mtu wa huku, ambaye mzigo wake unapita mpaka wa Kenya pale Holili au Namanga, kuna swali linalotangulia: siku nitakayopatwa na shida, wenzangu ninaoweka nao watakuwa wazima, au shida itakuwa imewakuta na wao? Mtoto akivunjika mkono, shida ni yako peke yako, na wenzako ishirini na wanne wanaweza kukuinua. Mpaka ukifungwa, mmeanguka wote ishirini na watano siku moja. Akiba inayofaa kwa shida ya kwanza inaweza isifae kabisa kwa ya pili. Ndiyo maana nitazilinganisha njia hizi kwa kipimo hicho kwanza, na riba nitaifikia.

Mchezo: mzuri kwa bati, mbaya kwa homa

Mchezo hauhitaji maneno mengi. Watu kumi, kila mmoja 50,000 kwa wiki, kila wiki mmoja anapokea 500,000. Anayepokea wa kwanza amekopeshwa bila riba. Anayepokea wa kumi amewakopesha wenzake bila riba. Kwa kununulia jiko la gesi, godoro au bati za kumalizia chumba, sioni kinachoushinda. Makaratasi hakuna, makato hakuna, na aibu ya kumkwepa kijumbe, yule anayekusanya hela, inamfanya mtu atoe hela ambayo angeila.

Kama kinga ya familia, hapana. Ugonjwa hausubiri namba yako ifike. Na kijumbe akiyumba, mchezo wote umeyumba. Tahadhari moja ndogo: mchezo wa watu kumi wanaojuana kwa sura hauna undugu na ile ya "lete wawili upate mara mbili". Walioambiwa na DECI, ule upatu wa piramidi, wapande mbegu wavune wanakumbuka mwaka 2009 ulivyoisha.

Kikoba: faida inatoka mifukoni mwenu

Mfumo huu una historia. Shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991 na vikundi vya kina mama, ukasambaa Afrika nzima, na hapa Tanzania ukapewa sura ya VICOBA. Sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, hisa zinanunuliwa mbele ya kikao, mkopo unatolewa mbele ya kikao, na pembeni kuna mfuko wa jamii ambao kila mtu anauchangia kidogo kila wiki. Vikundi vingine siku hizi vimeacha sanduku vikahamia M-Koba, huduma iliyoanzishwa mwaka 2019 na Vodacom pamoja na benki ambayo leo inaitwa TCB: hela inakaa kwenye akaunti ya kikundi, na mtu mmoja hawezi kuitoa peke yake. Kama vikao vyenu vinafanyika nyumbani kwa mtu na sanduku linalala chini ya kitanda chake, hameni.

Sasa hesabu. Tuseme wanachama 25, kila mmoja ananunua hisa za 10,000 kwa wiki, wiki 50. Mwisho wa mwaka kila mmoja ameweka 500,000, na kikundi kina 12,500,000. Kwa kuwa hela inaingia kidogo kidogo, kwa wastani wa mwaka sanduku lina nusu yake, yaani 6,250,000. Kama yote inakopeshwa muda wote kwa asilimia 10 kwa kila miezi mitatu, riba ya mwaka ni 2,500,000. Gawanya kwa 25: kila mtu anaondoka na 100,000 juu ya 500,000 zake.

Watu wanashangilia hapo, na wana haki. Lakini ile 2,500,000 haikushuka kutoka mlimani. Imelipwa na wanachama waliokopa. Mama aliyekopa 600,000 mara nne mwaka huo amelipa riba 240,000 na kurudishiwa 100,000. Jirani yake ambaye hakukopa hata mara moja hakulipa kitu na amepewa 100,000 hiyohiyo. Kwa hiyo kikoba chenye "faida nzuri" mara nyingi ni kikoba ambamo wenye mahitaji wanawalisha wenye nafasi. Si dhambi. Ila kama wewe ndiye mkopaji wa kila robo mwaka, usikichague kwa sababu ya faida ya Desemba. Kichague kwa sababu mkopo unaupata kwenye kikao hichohicho na hakuna mtu anayekuja kupiga picha kitanda chako na televisheni.

Kinachonifanya nikitetee kikoba ni mfuko wa jamii. Mtu akilazwa hospitali ya Mawenzi usiku, katibu anapigiwa simu na asubuhi hela ipo. Msiba ukitokea, kiwango kinajulikana, hakijadiliwi kaburini. Hakuna benki inayofanya hivyo. Ukitaka kupima ustawi wa familia kwa kitu kinachoonekana, angalia kama ugonjwa mmoja unawalazimisha kuuza ng'ombe au kumkatisha mtoto masomo. Familia nyingi za vihambani zimevuka hapo kwa mifuko hii midogo, na halafu kwenye takwimu haionekani popote.

Upande wa pili ndio huu. Vikoba vingi vinaundwa na watu wa soko moja, kwa sababu ndio wanaokutana. Wauza mahindi na wauza mahindi, wa mitumba na wa mitumba. Biashara yao ikiguswa, mambo mawili yanatokea kwa wiki moja: marejesho yanasimama, na kila mtu anataka kukopa. Sanduku linakauka siku ileile linapohitajiwa na wote. Hakuna aliyeiba, hakuna mzembe. Ni kwamba mmekusanya hatari moja mkaigawana.

Jambo la kisheria nalitaja kwa ufupi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi hivi daraja la nne, na usajili wake unapitia halmashauri. Wapo wanaouona usajili kama usumbufu. Lakini bila usajili hamuigusi ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayokopeshwa bila riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Mkopo usio na riba ukiingia kwenye kikundi kinachokopeshana kwa asilimia 10, mnaweza kuishusha riba ya ndani. Wachache wanafanya hivyo, wengi wanagawana tu.

SACCOS: polepole, nafuu, na ina damu ya huku

Kilimanjaro haihitaji kufundishwa ushirika. Wakulima wa kahawa walikuwa na chama chao tangu 1925, chama kikuu chao, KNCU, kikasajiliwa 1933, Chuo cha Ushirika kikaanzishwa Moshi mwaka 1963, na tangu 2014 ni chuo kikuu, MoCU. Wazee pia wanakumbuka mwaka 1976, serikali ilipovifuta vyama vikuu vya ushirika. Kumbukumbu hiyo bado inaishi, na naona ndiyo inayowafanya baadhi ya watu wapende sanduku wanaloliona kuliko ofisi yenye bango.

Kabla ya kujiunga, elewa mafungu matatu, maana hapo ndipo malalamiko mengi yanapoanzia. Hisa ni umiliki wako. Huzitoi kama hela ya matumizi, unamhamishia mtu mwingine. Akiba ndiyo dhamana ya mkopo wako. Kwa kawaida huichukui hadi uache uanachama. Amana ndiyo unayoweza kuitoa ukiitaka. Mtu anayeweka kila kitu kwenye akiba halafu akaenda Januari kuomba ada ya mtoto, akaambiwa haiwezekani, hajadhulumiwa. Alitakiwa kuweka sehemu kwenye amana.

Uzuri wa SACCOS ni bei ya mkopo. Nyingi zinakopesha hadi mara tatu ya akiba, kwa riba ya karibu asilimia 1 hadi 1.5 kwa mwezi, inayohesabiwa kwenye deni linalobaki. Chukua mkopo uleule wa 600,000 kwa miezi mitatu, unarejesha 200,000 kila mwezi. Kwa asilimia 1.5 riba yako yote ni 18,000: 9,000, kisha 6,000, kisha 3,000. Kwenye kikoba ilikuwa 60,000. Kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa mitaani wenye riba kali, hata wakikutoza asilimia 20 tu kwa mwezi, ni 360,000. Ongeza ada ya fomu na bima ya mkopo kwenye SACCOS, bado tofauti ni kubwa. Mikopo ya kwenye simu nayo ichunguze: Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Ubaya wake ni mwendo. Mkopo wa kwanza unaweza kusubiri miezi ya kuweka akiba, kamati inakaa kwa ratiba yake, na wadhamini uwatafute mwenyewe. Mwenye lori la vitunguu linalosubiri kupakiwa Mang'ola hawezi kusubiri kamati.

Kwenye kipimo changu cha mwanzo, yote inategemea nani yumo. SACCOS ambayo mwalimu, nesi, dereva wa bodaboda, mkulima wa kahawa na muuza duka wanakaa pamoja ni imara kuliko kikoba chochote cha soko moja, kwa sababu mpaka ukifungwa mshahara wa mwalimu hausimami. SACCOS ya wafanyabiashara wa zao moja ni kikoba kikubwa chenye ofisi. Kwa hiyo usiulize tu wanachama ni wangapi. Uliza wanafanya kazi gani. Halafu uliza leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika na hesabu zilizokaguliwa zilisomwa lini kwenye mkutano mkuu. Wakikwepa swali hilo la mwisho, nenda nyumbani.

Benki

Akaunti ya akiba ya kawaida haitakutajirisha. Riba ni ndogo, na ukitoa kila wiki makato yanaila. Inakupa vitu viwili tu. Cha kwanza ni Bodi ya Bima ya Amana: benki ikifilisika, amana yako inalindwa hadi shilingi 7,500,000. Kinga hiyo haipo kwenye kikoba wala SACCOS. Cha pili, benki haijali kama wewe na majirani zako mmeanguka pamoja. Wateja wake wametawanyika nchi nzima. Kwa mtu anayeishi kwa biashara ya mpakani, hicho ni kitu kikubwa kuliko riba.

UTT na hatifungani

Hapa ndipo mazungumzo ya vijana wa Arusha yalipo siku hizi, na mengine yana chumvi. UTT AMIS ni ya serikali, inasimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na mfuko wake wa kwanza, Umoja, ulianza mwaka 2005. Unanunua vipande, thamani ya kipande inatangazwa, na ukiuza hela inaingia baada ya siku chache za kazi. Mifuko ya Ukwasi na Hatifungani kwa miaka ya karibuni imekuwa ikitoa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, wakati bei za vitu zilipanda kwa chini ya asilimia 5. Hakuna ahadi kwamba itabaki hivyo, na Bima ya Amana haihusiki.

Hatifungani za serikali zenyewe, ambapo wewe ndiye unayeikopesha serikali, zinaanzia shilingi 1,000,000, riba inalipwa kila miezi sita, na muda unaweza kufika miaka 25. Kwa mtu aliyeuza kiwanja au kupokea kiinua mgongo, ni sawa kabisa. Kwa mtaji wa vitunguu, hapana.

Ulinganisho wa haki na kikoba ni huu: kikoba kwa hesabu ile ya juu kilimpa asiyekopa 100,000 juu ya hela iliyokuwa, kwa wastani wa mwaka, 250,000. UTT haiwezi kufika huko hata kwa ndoto. Lakini UTT haichukui riba yake kwa jirani yako aliyekopa ada, na Holili ikifungwa vipande vyako havijui.

| | Naipata lini | Shida yangu peke yangu | Shida ya soko zima | Nani analinda |
|---|---|---|---|---|
| Mchezo | Zamu ikifika | Dhaifu | Dhaifu | Kijumbe na aibu |
| Kikoba | Kikaoni. Yote Desemba | Imara sana | Dhaifu | Wanachama, halmashauri |
| SACCOS | Amana wakati wowote; akiba ukitoka | Imara kwa mkopo | Inategemea nani yumo | Tume ya Ushirika |
| Benki | Papo hapo | Wastani | Imara | Benki Kuu, Bima ya Amana |
| UTT | Siku chache za kazi | Wastani | Imara | Mamlaka ya Masoko ya Mitaji |

Mpaka unatoa, mpaka unachukua

Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako Arusha, na kwa mpita njia ni majengo mazuri yenye bendera na walinzi. Kwa muuza ndizi wa Himo ni kitu kingine. Mkataba ulisainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, Umoja wa Forodha ukaanza 2005, Soko la Pamoja 2010. Kwa mfanyabiashara mdogo yote hayo yanashuka hadi karatasi moja: kama bidhaa zako zimezalishwa ndani ya Jumuiya, zipo kwenye orodha, na thamani ya mzigo haizidi dola 2,000, unapewa mpakani hati rahisi ya uasili na hulipi ushuru wa forodha. Ukaguzi wa afya ya mimea na vibali vingine vinabaki palepale. Mitumba haimo, kwa sababu imetoka mbali. Muuza nguo wa Memorial asidanganywe na mtu wa kumvusha.

Vituo vya pamoja vya mpakani navyo vimesaidia, Holili na Taveta tangu 2016, Namanga tangu 2018. Gari linasimama mara moja badala ya mbili. Kila saa lori la nyanya linapopunguziwa foleni, sehemu ya hela hiyo inarudi kijijini, na huko inakuwa hisa ya kikoba, kisha ada. Sioni sababu ya kulitenga soko kubwa na akiba ndogo. Mama anayevuka na matenga ya parachichi anazifanya zote mbili kwa siku moja.

Lakini wazee wa Rombo na Holili wanajua upande wa pili kuliko mtaalamu yeyote. Jumuiya ya kwanza, ya 1967, ilivunjika 1977, na mpaka na Kenya ukafungwa hadi Novemba 1983. Zaidi ya miaka sita. Waliokuwa na kila kitu Taveta walianza upya. Karibu zaidi, Machi 2021, Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu. Zuio likaondolewa baada ya siku chache, ila kwa masharti mapya ya usajili na vyeti ambayo mwenye magunia kumi hakuyaweza haraka. Na sisi hatuko nyuma: Julai 2025 Tanzania ilizuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo za miamala ya simu na ufundi wa simu, na Nairobi ikalalamika. Undugu wa Jumuiya ni wa kweli, na ugomvi wake ni wa kweli.

Kuna wanaojibu tatizo hili kwa kuficha shilingi za Kenya ndani. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160 za Kenya; ilipofika Aprili ilikuwa karibu 130. Aliyeuza noti zake Januari na aliyeuza Aprili hawakupata maisha sawa, na hakuna kati yao aliyejua. Sarafu moja ya Afrika Mashariki ilisainiwa kwenye itifaki mwaka 2013, ikapangwa 2024, sasa inatajwa 2031. Usiisubiri. Shilingi za Kenya weka za mzigo unaofuata, zilizobaki badilisha.

Basi nani achague nini

Mama anayepeleka ndizi na parachichi Taveta, ana watoto wawili sekondari, anapata hela kwa siku: abaki kwenye kikoba, kwa ajili ya mfuko wa jamii na mkopo wa haraka, lakini apunguze hisa. Kama ana uwezo wa kuweka 20,000 kwa wiki, 10,000 iende kikoba na 10,000 itoke nje ya soko lake, iwe UTT au akaunti ya benki asiyoifungulia kadi. Lengo la fungu la pili ni miezi mitatu ya matumizi ya nyumbani. Kwa 10,000 kwa wiki atachukua muda, na hatapata faida ya kumtambia mtu. Ni hela ya siku mpaka unapokasirika. Fungu hilo likishatimia, ndipo aangalie SACCOS kwa mkopo mkubwa wa kujenga.

Na kabla ya yote hayo, bima ya afya. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na tangu 2023 kuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Aulize zahanati ya kwao utaratibu uliopo sasa na kiwango chake. Kuweka akiba ya kujitibu wakati bima ipo ni kulipa mara kumi kwa kitu kimoja.

Mpagazi, mpishi wa mlimani au dereva wa watalii wa Arusha hana mpaka wa barabara, ana mpaka wa uwanja wa ndege. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020 walikuwa takriban 620,000. Vikundi vya waongozaji vilivyokuwa na wanachama wa kazi hiyo tu vilifanya nini? Vilikaa vikao visivyo na marejesho. Huyu, tofauti na mama wa ndizi, anapata hela nyingi kwa miezi michache. Hisa za kila wiki hazimfai kabisa. Kwake naweka UTT mbele: msimu ukiwa juu anaingiza kwa mkupuo, msimu ukishuka anatoa kidogo kila mwezi, kama mshahara anaojilipa. NSSF ya hiari aiongeze kwa ajili ya uzee, maana magoti ya mtu wa mlimani yanastaafu kabla yake. Kikoba kwake kiwe cha mtaani anakoishi, kisiwe cha kazini.

Mwalimu, au nesi wa hospitali ya KCMC, ana tatizo la kinyume. Hela yake inakuja kila mwezi, mpaka haumhusu, SACCOS ya kazini inamkata kabla hajaishika, na mkopo wake ni wa bei nafuu kuliko wa wote niliowataja. Kwa nini basi ajihangaishe na kikao cha Jumapili cha kina mama wa soko? Kwa sababu yeye ndiye mwanachama kikoba cha soko kinachomkosa. Marejesho yake hayasimami mahindi yakizuiwa, na hisa zake zinabaki sandukuni wakati wengine wote wanataka kukopa. Naye siku ya msiba hana mtu wa kumbeba kama hao. Vikundi vya wafanyabiashara vinavyokwenda kuomba walimu wawili watatu wajiunge, nadhani vinafanya kazi nzuri kuliko vinavyoomba riba ipande. Na mwalimu akikubali, aombe kitu kimoja kabla ya kununua hisa ya kwanza: kikomo cha mkopo kwa viongozi kiwe kilekile cha wanachama wa kawaida, kiandikwe kwenye katiba.